Kinda Ukingoni mwa Kiota
Hotuba kwa wanafunzi wapya wa lugha, fasihi na fikra za Asia Mashariki

Mkuu wa Idara, wahadhiri wenzangu, wazazi na walezi mliosafiri kuwaleta watoto wenu, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hamjambo? Naomba niseme itifaki imezingatiwa. Neno hilo la itifaki mlishike, tutalihitaji baadaye.

Ubaoni nimeandika herufi moja: 習. Kwa Kichina husomwa xi. Itazameni kwanza. Juu kuna vipande viwili pacha, kila kimoja kina mstari uliopinda na vidoti viwili ndani yake. Hayo ni manyoya, mabawa mawili ya ndege. Mtaalamu mmoja aitwaye Xu Shen, aliyekamilisha kamusi yake karibu na mwaka 100 baada ya Kristo, alikusanya humo herufi 9,353 na kuzieleza moja moja. Alipofika kwenye hii alisema kwa ufupi sana: ni kuruka tena na tena. Ni kinda aliye ukingoni mwa kiota. Anapiga mabawa, anashuka vibaya, anapanda tena tawini, anajaribu tena. Wachina walipotaka kuandika neno la kujizoeza jambo mpaka likuingie mwilini, walimchukua kinda huyo.

Herufi hiyo ndiyo inayokupokea mlangoni mwa Lunyu, kitabu cha mazungumzo ya Confucius, mwalimu mkuu wa fikra wa China ya kale, na wanafunzi wake. Sentensi ya kwanza kabisa inauliza: kujifunza jambo na kulirudia kwa wakati wake, je, si furaha hiyo? Tafsiri nyingi husema "kufanya mazoezi", na hazikosei. Ila ndege ametoroka. Nimewaiteni leo niwaambie kwamba miaka mitatu mnayoianza ni ya kumtafuta ndege yule, kwa macho yenu wenyewe, na kumweleza kwa Kiswahili.

Wazazi wana swali lao na ni la haki. Mtoto amefaulu vizuri, angeweza kwenda sheria au uhasibu, kwa nini aje kusoma mashairi ya watu waliokufa miaka elfu na zaidi iliyopita? Jibu la kazi lipo na nalitoa bila kuona haya. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanakwenda Guangzhou na kurudi. Barabara na madaraja yetu yanajengwa na watu wanaohitaji mkalimani kila asubuhi. Nairobi ilifungua Taasisi ya Confucius mwaka 2005, ya kwanza barani Afrika, na waliopita kwenye madarasa ya namna hiyo wengi wanakula kwa jasho la ulimi wao. Lakini kwa kazi hiyo pekee kozi ya mwaka mmoja na nusu inatosha. Shahada ni kitu kingine, na hicho kingine ndicho nilichokuja kukisemea.

Niwape kisa changu. Nilipokuwa nasoma China, mwalimu wetu wa mashairi ya kale alitupa shairi la Wang Wei, mshairi wa karne ya 8, wa zama za Tang. Lina mistari minne, kila mstari herufi tano. Jumla herufi 20 tu. Akatuambia wageni wote tulitafsiri kila mmoja kwa lugha ya kwao, kisha tulisome kwa sauti na kumweleza tulichofanya. Nami, kama nilivyozoea, nikaanza kwa Kiingereza kichwani, kisha nikahamishia Kiswahili. Mstari wa kwanza nikaandika: "Katika mlima mtupu simwoni mtu." Nikasoma kwa kujiamini. Mwalimu akauliza: nani hamwoni mtu? Nikajibu: mimi, msemaji. Akanisogezea karatasi: nionyeshe huyo "mimi" yuko wapi humu.

Hayupo. Herufi tano za mstari ule ni "tupu, mlima, si, ona, mtu". Kong shan bu jian ren. Hakuna mimi, hakuna wewe, hakuna yeye. Shairi zima halina mtu anayejitaja. Mshairi amejiondoa mlimani ili mlima ubaki mtupu kweli, na mimi nilikuwa nimempandisha tena na kumsimamisha katikati.

Usiku ule sikulala mapema. Kiswahili, nilijiambia, kinataka nafsi. Kitenzi chetu hakisimami bila kiambishi mbele yake. Nimwondoe vipi mtu katika lugha isiyokubali kitenzi kitembee peke yake? Kisha nikamkumbuka bibi yangu. Ukifika kwake ukapiga hodi na nyumba iko kimya, jirani atakuambia, "Hapo hapana mtu." Anayetajwa ni mahali. Mahali ndipo pana mtu au hapana mtu. Kumbe tuna ngeli nzima ya mahali, pa- na ku- na mu-, na humo kitenzi kinashika mahali na kumwacha mwanadamu pembeni. Hapaonekani mtu. Hakuonekani mtu. Hamuonekani mtu.

Hizo tatu si sawa, na kila mmoja wenu anajua hivyo tangu utotoni hata kama hajawahi kuulizwa. Pa- ni mahali unapoweza kupanyooshea kidole. Ku- ni kule, eneo lililotanda bila mpaka. Mu- inakufunika, uko ndani yake. Mstari wa kwanza ni mlima uliotanda kimya, nikauchagulia ku-. Mstari wa pili unasema sauti za watu zinasikika, nani anazisikia hasemi. Hapo nikakuta zawadi nyingine: hu-, kiambishi kisichobeba nafsi yoyote. Husikika. Lakini hu- inakupa na kukunyang'anya, maana inaleta mazoea, kana kwamba ni kila jioni, na Kichina hakisemi kama ni jioni moja au jioni zote. Nimeiacha hivyo kwa miaka mingi na bado siridhiki nayo. Hii hapa:

Mlima mtupu: hakuonekani mtu,
husikika tu mwangwi wa watu wakisema.
Mwanga wa jioni warudi, wapenya msitu mzito,
wang'aa tena juu ya kuvumwani chanikiwiti.

Neno la mwisho nalo lina shauri lake. Rangi iliyomo ni qing, na qing ni ya majani machanga, ya mlima wa mbali, na pia ya anga. Ukisema kijani umekata nusu. Ukisema samawati umekata nusu nyingine. Nilichukua chanikiwiti kwa kuwa ni neno la zamani na lina unyevu wa majani ndani yake. Mwenzangu mmoja wa Zanzibar analikataa kabisa, anasema linamkumbusha nguo. Tumebishana juu yake tangu siku tulipojuana, na nawatakia ninyi ugomvi wa namna hiyo.

Nimekaa sana kwenye herufi 20 kwa makusudi. Nilichojifunza usiku ule ni kwamba nilikuwa nikienda China kwa kupitia London, na njia hiyo ilinizidishia mzigo usio wangu. Kiingereza kinamtaka mtendaji aonekane, nami nikamchukua mtendaji huyo na kumbeba hadi nyumbani, wakati nyumbani mlango ulikuwa wazi. Vitabu vingi mtakavyovikuta maktabani kuhusu Asia Mashariki vimeandikwa kwa Kiingereza, na vingi ni vizuri, someni. Ila mkisha kuvisoma, rudini kwenye herufi zenyewe, na kutoka kwenye herufi njooni moja kwa moja kwenye Kiswahili.

Sasa nasemea hasa ninyi mliochagua Kijapani na Kikorea. Nimesikia manung'uniko tayari: kwa nini ratiba yetu ina Kichina cha kale? Chukueni mstari uleule wa Wang Wei. Mchina wa leo anausoma kong shan bu jian ren. Mkorea anausoma gongsan bulgyeon in. Mvietnam, không sơn bất kiến nhân. Na Mjapani anafanya jambo la ajabu: anaziacha herufi zilivyo, anaweka alama ndogo ndogo pembeni zinazomwongoza jicho lirukie wapi na lirudi wapi, kisha anausoma kwa sarufi ya Kijapani, kitenzi kikiwa mwisho: kuzan hito o mizu. Herufi ni tano zilezile, vinywa ni vinne. Kwa karne nyingi msomi wa Korea aliyevuka bahari kwenda Japani hakujua kusema lugha ya wenyeji wake, lakini waliketi mkekani, wakatandaza karatasi, wakasaga wino na kuzungumza kwa kuandikiana. Kati ya mwaka 1607 na 1811 wajumbe wa Korea walikwenda Japani mara 12, na mazungumzo yao mengi yalipita kwenye ncha ya brashi. Asiyejua Kichina cha kale amekaa nje ya chumba kile.

Lakini herufi za kuazima zina machungu yake, na hapa sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana. Waliopita madrasa wanajua. Wazee wa Pate, Lamu na Mombasa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina p, hakina ch, hakina v. Na irabu zake ni fataha, kasira na dhumma, zikabebeshwa irabu zetu tano. Kasira moja ni i na ni e. Be moja ni b, pengine ni p, pengine ni mb. Msomaji ilimbidi ajue utenzi ndipo aweze kuusoma. Katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliongeza alama kwenye herufi hizo ili zikubali sauti zetu. Ukishaijua kazi ile, ya mtu anayesikiliza mdomo wake mwenyewe na kuipanua herufi ya wengine ienee, umeshaielewa nusu ya historia ya maandishi ya Asia Mashariki.

Wajapani walianza kwa kutumia herufi za Kichina kama sauti tupu, bila kujali maana yake. Ndivyo yalivyohifadhiwa mashairi zaidi ya 4,500 ya mkusanyo wao mkuu wa karne ya 8. Kisha mkono ukachoka. Herufi 安, yenye maana ya utulivu, iliandikwa haraka, ikalegea, ikajikunja, mpaka ikawa あ, a ya hiragana, hati ya Kijapani inayoandika sauti. Mkianza kujifunza hiragana wiki ijayo, msiikariri あ kama mchoro. Tafuteni ndani yake ile 安, na mkono uliokuwa na haraka.

Na mkono huo mara nyingi ulikuwa wa mwanamke. Kichina kilihesabiwa kuwa elimu ya wanaume, hiragana ikawa uwanja wa wanawake wa ikulu. Murasaki Shikibu, mtunzi wa hadithi ya Genji yenye sura 54, mwanzoni mwa karne ya 11, anasimulia katika shajara yake jinsi kaka yake alivyokuwa akifundishwa vitabu vya Kichina. Kijana alisahau, alikwama. Yeye, aliyekuwa akisikiliza tu, aliyashika yote. Baba yao akasikitika: bahati mbaya iliyoje kwamba huyu si mwanamume. Baadaye, akiwa ikulu, alimfundisha malkia mashairi ya Kichina ya Bai Juyi, kwa siri, wakati hakuna watu. Nikisoma ukurasa ule humkumbuka Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, anamwita binti yake, negema wangu binti, aje aketi na wino na karatasi. Mmoja anafundisha kwa siri, mwingine kwa wosia. Sidai kwamba hali zao zinafanana. Mwana Kupona alikuwa na mambo yake na Murasaki yake. Lakini binti wa Kiswahili anayeufahamu utenzi ule akiingia katika shajara ya Murasaki hatajiona mgeni sana, na ningependa mmoja wenu aandike tasnifu juu ya jambo hilo kabla sijastaafu.

Korea ilichukua njia nyingine. Mfalme Sejong alikamilisha herufi mpya kabisa mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446, herufi 28, akisema wazi kwamba sauti za nchi yake si za China, na kwamba watu wa kawaida wana mambo ya kusema ila hawana namna ya kuyaandika. Msimamo huo hunigusa kila mara. Wekeni ulimi mtamke n, mtasikia ncha yake imepanda juu nyuma ya meno: ㄴ ndiyo picha ya ulimi ule ukitazamwa kwa ubavu. Tamkeni k, shina la ulimi linaziba koo: ㄱ. Midomo ikifumbwa kwa m: ㅁ. Mfalme alichora kinywa cha raia wake. Mwaka 1444 Choe Malli na maafisa wenzake walimpinga kwa maandishi, wakidai kuwa na herufi zako mwenyewe, mbali na za China, ni kujishusha kuwa kama washenzi. Usiwacheke. Hoja ile ya kwamba elimu ya kweli haiwezi kuandikwa kwa lugha ya nyumbani mmeshaisikia mahali, tena si Korea.

Nije kwenye fikra, ambako watu wengi huniomba niwape kwa kifupi. Sina kifupi. Nina neno moja, ren, 仁, kiini cha mafundisho ya Confucius. Kushoto ni mtu, kulia ni mbili. Ukiwa Mswahili moyo unaruka mara moja: huu ni utu! Mtu ni watu! Nami huandika utu katika tafsiri zangu. Ila soma sura ya 12 ya Lunyu uone. Yan Yuan anauliza ren ni nini, anajibiwa: kujizuia nafsi na kurudi kwenye li. Zhonggong anauliza lilelile, anaambiwa: usilolitaka wewe usiwatendee wengine. Sima Niu, aliyesifika kwa maneno mengi, anaambiwa mwenye ren ni mzito wa kusema. Fan Chi anaambiwa: kuwapenda watu. Swali ni moja na majibu ni manne, kwa kuwa wanafunzi ni wanne na kila mmoja ana upungufu wake. Ukiweka utu na kuendelea na safari, umepata neno na kumkosa mwalimu.

Na hiyo li ni nini? Hapa ndipo nilipowaomba mshike itifaki. Vitabu hutafsiri li kuwa ibada, au kanuni za heshima, na mwanafunzi anabaki anaona sherehe za kifalme na kengele za shaba. Lakini asubuhi hii mlipoingia humu, kijana mmoja alimwambia mama mzee aliyeketi pale mbele, "Shikamoo," naye akajibu, "Marahaba." Hakuna habari yoyote iliyopita kati yao, hata hivyo wote wawili walijua wamesimama wapi, na kijana akawa kijana mwema zaidi kwa kulitamka tu. Mimi nilisema itifaki imezingatiwa, nanyi mkatulia. Anzeni hapo kuisoma li. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo anaingia katika sura ya 12 akiwa na kitu mkononi. Kisha ajihadhari, maana li ya Confucius ina kaburi la mzazi ndani yake, ina maombolezo ya miaka mitatu, ina rangi ya kola ya vazi, na shikamoo haifiki huko kote.

Neno moja kuhusu istilahi, maana mtaombwa muunde. Mwaka 1874 msomi wa Kijapani Nishi Amane alichapisha neno tetsugaku kwa ajili ya taaluma ambayo sisi, kwa njia ya Kiarabu, tumeirithi kwa jina la falsafa. Alitumia herufi mbili za Kichina, ya hekima na ya elimu. Neno likavuka bahari: Wachina wakalichukua likawa zhexue, Wakorea wakaliita cheolhak. Herufi zilizotoka China zikarudi China zikiwa zimebeba maana mpya iliyopikwa Japani. Mtakapokaa kutafuta neno la Kiswahili kwa dhana ngumu, kumbukeni kwamba wale nao walikaa, wakajaribu, wakatupa, wakajaribu tena.

Na mjue wapo wanaokuja upande wetu. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Kiswahili kinafundishwa Beijing, kinafundishwa Osaka, na Korea Kusini kuna chuo kikuu cha lugha za kigeni kinachoifundisha lugha yetu. Huko, hivi sasa, kuna kijana anayehangaika na ngeli ya mahali, anauliza mwalimu wake tofauti ya hapana na hamna. Siku mkikutana naye, mwelezeni pa-, ku- na mu-, kisha mwombeni awasomee Wang Wei kwa sauti.

Jumatatu saa mbili kamili asubuhi tutakuwa chumba hikihiki. Njooni na penseli, siyo kalamu, na daftari la miraba. Simu ziacheni mfukoni, kamusi ya karatasi nitawapa na nitawaonyesha namna ya kutafuta herufi kwa kuhesabu mistari yake. Tutaanza na hii iliyo ubaoni. Mabawa ya kushoto kwanza, kisha ya kulia, kisha kipande cha chini. Mtaiandika mpaka ukurasa ujae, nami nitapita kati ya madawati nikiangalia mikono yenu.